Sifuri kwa Raba Nyeupe

Mimi nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo na walimu wenzangu wanalijua zaidi, kwa hiyo nalisema mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari za mwalimu mpole. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne katika shule ya kutwa hapa Kilosa, mji niliozaliwa. Babu yangu alikuja huku kukata mkonge, baba akafanya kazi relini mpaka akastaafu, na mimi nikaangukia chaki. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa saba tangu nianze kazi, na nilikuwa nimeshaanza kujiona bingwa.

Ubingwa wangu ulikuwa kwenye ushairi. Shule nyingine wanafunzi walilikwepa swali la shairi, wangu walilikimbilia. Siri ilikuwa notsi. Nilikuwa na daftari gumu lenye jalada la kaki, nililolianza nikiwa mwanafunzi mwenyewe, na humo mambo yote ya shairi yalikuwa tayari kwa kumezwa. Takriri, yaani neno au mstari unaorudiwarudiwa, kazi yake ni kusisitiza ujumbe. Rangi nyeupe ni ishara ya usafi na amani. Nyekundu ni hatari, isipokuwa shairi likiwa la mapenzi. Nyeusi huzuni, kijani ustawi. Mwalimu wangu alituimbisha hivyo, nikafaulu, na nilipopewa darasa nami nikawaimbisha hivyo hivyo. Nikiuliza "Nyeupe?" darasa zima lilijibu "Usafi na amani, madam!" kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kunakopikwa uji. Siku moja mkuu wa shule alisimama dirishani akasikiliza, akatabasamu, akaenda zake. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Shule za huku kwetu zina mtihani wa pamoja tunaouita ujirani mwema. Walimu wa shule jirani, kuanzia Kilosa mpaka Mikumi, tunagawana kutunga maswali, tunaandaa mwongozo wa kusahihisha, halafu tunakutana mahali pamoja kusahihisha. Katika mafaili ya mitihani ya nyuma kulikuwa na shairi moja la beti tano, lisilo na jina la mtunzi, linalohusu vijana na raba nyeupe. Nililipenda kwa sababu lilikuwa na kila kitu kilichomo kwenye daftari langu. Lilianza hivi:

Kaja mmoja na raba, nyeupe toka dukani,
Kesho tukawa na saba, nyeupe zote njiani,
Mvua nayo si haba, tope limejaa chini,
Nyeupe, sote nyeupe, nyeupe kama wenzetu.

Mstari huo wa mwisho ndio kibwagizo, na ulirudi kila ubeti bila kubadilika hata herufi. Ubeti wa tatu ulikuwa huu:

Mmoja akisimama, sote tunasubiria,
Mmoja akiinama, sote tunainamia,
Miguu tukitazama, nani tope limengia,
Nyeupe, sote nyeupe, nyeupe kama wenzetu.

Nililitoa kama jaribio la kidato cha nne masika yalipoanza. Swali lilikuwa moja tu: eleza jinsi takriri na taswira ya rangi zinavyowasilisha ujumbe wa shairi hili. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili. Nilisahihisha huku nakunywa chai, mkono ukienda wenyewe, maana karatasi ziliandikwa kitu kimoja. Mshairi amerudia neno nyeupe ili kusisitiza. Rangi nyeupe ni ishara ya usafi na amani. Hivyo mshairi anawahimiza vijana wadumishe usafi. Hata koma zilikaa mahali pamoja, na nilichukulia hiyo kuwa ni sifa yangu.

Katikati ya rundo nikakuta karatasi ya msichana mmoja anayetoka Kidete, kijiji cha kwenye reli, ambaye hapa Kilosa alikuwa akiishi kwa shangazi yake. Alikuwa mkimya, wa dawati la pili kutoka nyuma, hajawahi kunipa sababu ya kumkumbuka. Aliandika maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo:

"Hawa vijana hawazungumzi usafi kwa sababu raba zao zimeshapata tope, na mshairi amesema tope limejaa. Wanarudia nyeupe kwa sababu wanaogopa. Mtu mwenye uhakika anasema mara moja. Wakinyamaza, mmoja wao atatazama miguu yake na kusema ukweli, na hakuna anayetaka kuwa huyo mmoja. Wamechagua rangi moja ili asionekane mtu."

Nilisoma mara moja nikapandwa na hasira. Nilijiambia huyu analala darasani. Nikaandika sifuri, nikaizungushia duara, pembeni nikaongeza: Fuata notsi. Siku ya kurudisha karatasi nikafanya kubwa zaidi. Nikaisoma karatasi yake kwa sauti mbele ya wote, iwe mfano wa mwanafunzi asiyesikiliza. Sikusoma tu, niliigiza. Nilipofika kwenye "wanaogopa" niligonganisha magoti, darasa likavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao.

Saa ya mapumziko akaja ofisi ya walimu.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Sema."

"Nilikuwa naomba unieleweshe nilipokosea."

"Nyeupe ni ishara ya nini?"

"Usafi na amani."

"Kumbe unajua. Sasa mbona hukuandika?"

"Kwenye shairi sikuuona huo usafi, madam. Niliona tope."

Walimu wawili waliokuwa wakila mihogo ya kukaanga waligeuka kututazama. Nikaona napimwa nguvu. "Ukifika chuo kikuu utaona unachotaka," nikamwambia. "Hapa tunafuata mwongozo. Unataka kufaulu, hutaki?"

"Nataka."

"Haya basi."

"Sawa madam." Akapokea karatasi yake kwa mikono miwili, akatoka.

Masika ya Kilosa yana tope jeusi linalonata kama ugali mbichi. Vijana wetu nao wana desturi yao, na mwaka ule ilikuwa imeshika kasi kweli kweli, ya kuvaa raba nyeupe kila penye mkusanyiko: harusi, mechi, sikukuu. Anayetoka mtaa wenye tope anakuja na ndala, raba kazishika mkononi, mpaka afike kwenye bomba. Hapo ananawa miguu, anajifuta, ndipo anavaa. Nilikuwa nimewaona mara mia na kuwacheka kimoyomoyo.

Jumapili moja baada ya ile sifuri nilikuwa naenda kumjulia hali baba. Kwenye bomba karibu na stesheni nikakuta kundi la vijana kama kumi, nusu yao wa darasa langu, wanaelekea kwenye mechi. Walikuwa wameshavaa. Kumi wote raba nyeupe, na kabla ya kuondoka kila mmoja alikuwa akikagua miguu ya mwenzake. Mmoja wao, mvulana mrefu, alikuwa na tone la tope kwenye ncha ya raba ya kulia. Alilificha kwa kuuweka ule mguu nyuma ya ule wa kushoto. Akasimama hivyo kwa mguu mmoja, huku akicheka kwa nguvu jambo ambalo nina hakika hakulisikia, kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka. Kisha wakanisalimia kwa pamoja, shikamoo moja ya watu kumi, wakaondoka wakikanyaga palepale alipokanyaga wa kwanza.

Niliitikia marahaba nikabaki nimesimama. Yule mtoto wa Kidete alikuwa ameliona jambo hili, akaliandika kwa mistari michache, nami nimemlipa sifuri na kicheko. Niliona aibu, aibu ya kuushika uso. Kwa baba sikukaa hata robo saa. Nilirudi nyumbani nikalitoa shairi, nikalisoma toka mwanzo hadi mwisho, na nakiri kwamba baada ya kulifundisha miaka minne hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisoma. Kibwagizo kinasema nyeupe mara tatu, na beti ni tano. Mara kumi na tano watu wanaapa kuhusu rangi ambayo mistari ya juu yake imeshasema haipo tena. Huo ndio ulikuwa ujumbe, na daftari langu la kaki halikuwa na nafasi yake.

Ningeweza kumwita kesho yake nimwombe radhi. Lakini ujirani mwema ulikuwa umekaribia, na mimi, kama mmoja wa watunzi, nilikuwa nimejua, baada ya lile jaribio, kwamba mwaka ule shairi hilohilo limewekwa kwenye mtihani, swali la sita, na mwongozo wake umeshaandikwa: nyeupe ni usafi. Kulizungumza darasani kungekuwa kuvujisha mtihani. Ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba ningeweza kuomba radhi bila kutaja mtihani wowote, ila ilikuwa rahisi zaidi kujificha nyuma ya siri ya kazi.

Nilichokiamua ni hiki. Msichana yule angeandika tena alichokiona, na mwalimu mwingine angempa sifuri nyingine kwa kufuata mwongozo. Kwa hiyo mwongozo lazima ubadilike. Nitakwenda Mikumi, na meza ile haitaanza kusahihisha swali la sita mpaka ubadilike. Niliapa hivyo mbele ya sufuria la maharage, peke yangu, na nikaona ni kiapo cha kutosha.

Tulisahihishia kwenye bwalo la shule moja ya Mikumi, malori ya barabara kuu yakiunguruma nje na madirisha tukiwa tumeyafunga kwa ajili ya nyani, ambao hawana adabu na chakula cha watu. Meza ya Kiswahili ilikuwa na walimu kumi. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mzee wa hapohapo Mikumi, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu ambaye sote tulimwamkia shikamoo kwa kuinuka kitini. Utaratibu wa meza ni kwamba kiongozi anasoma mwongozo swali baada ya swali, anauliza kama kuna hoja, na sote tunasema hakuna. Tunasema hakuna ili tumalize mapema tuwahi basi la alasiri. Sijawahi kusikia mtu akisema vingine, na mimi mwenyewe sikuwahi.

"Swali la sita," akasoma. "Takriri, kusisitiza. Nyeupe, usafi na amani. Kuna hoja?"

"Hakuna," wakasema wanane.

"Ipo," nikasema, nikasimama.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya mwanzoni, kwa haraka, hasira ikinitangulia. Mwalimu mmoja akatazama saa. "Dada yangu, basi."

"Basi litakuja na kesho."

"Mwongozo tulishaupitisha wote," akasema mwingine. "Wengi wape."

"Niliupitisha bila kulisoma shairi. Na wewe je, umelisoma?"

Hapo pakachafuka kidogo. Mzee akagonga meza kwa kalamu, akaniuliza taratibu kama nafahamu nani alilitunga shairi lile. Nikasema halina jina.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa kwanza kazini. Kulikuwa na wiki ya usafi shuleni, mkuu wa shule akataka shairi. Kwa hiyo, mwanangu, niliposema nyeupe nilimaanisha safi."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nilihisi masikio yanawaka moto, nikawaza kukaa kimya, na nilikuwa nimeshaanza kukaa kitini kabisa. Halafu nikamkumbuka msichana ameketi kwenye dawati lake, darasa likicheka vilevile, nikasimama tena.

"Shikamoo tena mzee wangu," nikasema. "Naomba kuuliza. Kama ni wiki ya usafi, tope umelileta la nini?"

"Limekuja tu. Vina."

"Vina vya *ni* vimejaa tele. Ungeweza kusema bustanini, ungeweza kusema darasani. Umesema tope limejaa chini. Na ubeti wa tatu wote wanakaguana miguu. Kama ni safi, wanatafuta nini?"

Alivuta karatasi, akavaa miwani, akalisoma shairi lake kwa kunong'ona, midomo ikicheza. Alirudia kibwagizo mara mbili. Mwalimu aliyekuwa anaangalia saa aliacha kuiangalia.

"Raba zenyewe nilikuwa nazo," mzee akasema mwishowe, bila kuinua uso. "Sisi walimu vijana sote tulinunua. Zilinibana vidole. Nilizivaa mwaka mzima na sikumwambia mtu."

Akachukua kalamu, chini ya mwongozo akaandika kwa mkono wake kwamba jibu lingine lolote lenye hoja kutoka ndani ya shairi likubaliwe kwa alama zote. Mjadala ulikuwa umekula saa mbili nzima. Basi la siku hiyo lilituacha, na wakati wa chakula kuna waliohamia meza nyingine ili wasikae nami. Sikujali. Nilikula wali wote na nikaongeza.

Mwalimu hasahihishi karatasi za shule yake. Bahasha yetu ilikwenda upande wa pili wa meza, na siku hiyo na kesho yake nilisahihisha za watu huku nimetega sikio. Nilikuwa nangoja mtu aseme, jamani, njooni muone, huku kuna mtoto ameandika. Katika bahasha zangu wote waliandika usafi na amani. Upande wa pili hakuna aliyesema kitu.

Bahasha ilirudishwa Kilosa wiki iliyofuata. Niliifungua nikiwa nimesimama, sikuwa na subira ya kuvuta kiti, nikatafuta namba yake. Swali la sita, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Mshairi amerudia neno nyeupe ili kusisitiza. Rangi nyeupe ni ishara ya usafi na amani. Hivyo mshairi anawahimiza vijana wadumishe usafi. Koma zilikuwa mahali pake. Alikuwa amepewa alama zote, na pembeni mwalimu wa shule nyingine ameandika: Vizuri sana.

Nimewahi kufiwa, nimewahi kuachwa, na sitaki kulinganisha. Lakini iliniuma. Nilikuwa nimepigana Mikumi kwa ajili ya jibu ambalo mwenyewe alikuwa ameshalifuta, na aliyemfutisha ni mimi.

Nilimwita ofisini. Nikampongeza kwa alama, akasema asante madam. Nikamuuliza kwa nini hakuandika kama mwanzo.

"Nilifuata notsi, madam."

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyotumwa na kuimaliza. Nikamwambia kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi, kwamba mimi ndiye niliyekosea, na kwamba sifuri ile ilikuwa yangu. Alitazama sakafu. Akasema sawa madam, akaomba ruhusa arudi darasani kwa sababu kuna kipindi cha hesabu.

Kesho yake nikaingia kidato cha nne bila daftari la kaki. Nikawaeleza yote: nilivyoliona kundi kwenye bomba, mabishano ya Mikumi, mwongozo ulivyobadilishwa. Nikasema mwenzao wa Kidete alikuwa amelisoma shairi wakati mimi sijalisoma. Niliongea kama dakika ishirini. Nilipomaliza, kiranja wa darasa akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo madam, tuandike nini?"

Arobaini na wawili walikuwa wameshika kalamu, na yeye msichana pia.

"Andikeni mnachokiona," nikasema.

Kiranja akainama akaandika: Andikeni mnachokiona. Niliona kwa macho yangu. Nikacheka, halafu nikakaribia kulia, halafu hasira ikaniokoa.

"Wekeni kalamu chini," nikasema. "Kuanzia leo nitaleta shairi moja kila kipindi, na sitasema neno. Mtasema ninyi."

"Madam, mtihani wa taifa husahihishi wewe," mvulana mmoja akasema kutoka nyuma. "Tutatoboaje?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia kwamba msahihishaji yeyote anaweza kubishana na notsi zangu, lakini mstari wa shairi ukiuonyesha kwa kidole hawezi kusema haupo. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika sana, ila nilikuwa nimeshaamua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso. Nilibandika shairi ubaoni nikakaa nyuma ya darasa, na kwa dakika arobaini nikasikia kuku wa jirani tu. Niliuma ulimi. Mkuu wa shule akaniita kuuliza mbona darasa langu limenyamaza, wazazi watasema hatufundishi. Nikamwomba anivumilie mpaka likizo. Wiki ya pili wawili watatu wakaanza kuongea, wakinitazama usoni kila baada ya neno waone kama nimekunja ndita. Nikajifunza kutazama dirishani. Msichana wa Kidete hakusema kitu. Kila siku nilikuwa namngoja yeye, na kila siku alifunga begi lake akaondoka na wenzake.

Wiki ya nne nikalirudisha shairi la raba. Kiranja alikuwa wa kwanza. "Wanaogopa, madam," akasema kwa kujiamini. Na kabla hajakaa, darasa zima likaitikia kwa pamoja, kwa sauti ileile iliyokuwa ikifika jikoni: "Wanaogopa!"

Nikainamisha kichwa. Nilichofanya ni kuwabadilishia notsi tu. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza upya nilipoona mkono umenyooka dawati la pili kutoka nyuma.

"Mimi sikubaliani," akasema.

"Si jibu lako hilo?" kiranja akashangaa.

"Lilikuwa langu." Akasimama. Sauti ilikuwa ndogo. "Siku madam aliposoma karatasi yangu mlicheka wote. Wiki ile nzima nilikunywa uji peke yangu. Kwenye ujirani mwema nikaandika kama ninyi. Tulipotoka mkaniuliza, swali la sita umeandika nini? Nikasema usafi. Mkasema hata sisi! Tukarudi nyumbani pamoja tukiimba, mpaka kwa shangazi mlinisindikiza. Siku ile sikuwa naogopa. Nilikuwa na raha, sijawahi kuwa na raha vile tangu nije Kilosa. Kwa hiyo hawa wa kwenye shairi mimi naona hawaogopi. Tope wanalijua. Wanarudia ule mstari kama sisi tulivyokuwa tunaimba njiani, wasiachane."

"Muongo, wewe uliogopa," akasema msichana wa mbele yake, bila hata kunyoosha mkono.

"Niliogopa kabla. Baada ya hapo niliona raha."

"Kifo cha wengi harusi," mwingine akasema, wakaanza kubishana watatu kwa mpigo, hakuna aliyenitazama.

Mimi nilikuwa bado kwenye uji. Wiki nzima, peke yake. Nilikuwa nimekiri kosa langu la sifuri, ofisini na darasani, na nikajiona nimemaliza deni la moyo. Kwa kicheko sikuwa nimekiri chochote. Hata sikuwa nimekitaja, ingawa ndicho kilichomfundisha. Niliinuka nikapita katikati ya madawati mpaka alipo, mabishano yakafifia, nikasema mbele ya wote kwamba siku ile nilimfanyia uovu kwa kumwigiza na kumcheka, kwamba wao walicheka kwa kuwa mimi nilianza, na kwamba naomba anisamehe.

Alinitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza nadhani. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama anaweza kuendelea, kwa sababu hapo alikuwa amemaliza takriri tu, kwenye rangi alikuwa bado hajafika.